Maji ya Chumvi na Mafuta ya Bara: Utunzaji wa Tumbo la Chombo kati ya Lamu na Garissa

Katika maandishi mengi juu ya historia ya Kaskazini Mashariki ya Kenya, bahari hutajwa kwa nadra. Garissa huelezwa kuwa mji wa ngamia, wa ukame na wa safari ndefu za nchi kavu. Lamu, ambayo iko umbali wa kilomita 250 hivi kutoka hapo kwa mstari ulionyooka, huelezwa kuwa mji wa majahazi, na wanahistoria wake aghalabu huyaelekeza macho yao Arabuni na Bara Hindi. Mgawanyo huo umezoeleka kiasi cha kuonekana kuwa wa maumbile. Makala haya yanakusudia kuuhoji kwa njia ya jambo moja dogo, yaani namna mabaharia wa Lamu na wa pwani ya Watikuu walivyoyazuia magugu na viumbe vya bahari visiote chini ya vyombo vyao, na maneno ya Kiswahili yaliyotumika katika kazi hiyo. Hoja inayotolewa ni kwamba kazi hiyo haikuweza kufanyika bila mali ya bara, na kwamba lugha yenyewe, kwa namna inavyovipa vitu majina, imeuficha ukweli huo.

Neno "tumbo" linatumika hapa kwa maana ya sehemu ya nje ya chombo izamayo majini, kutoka mkukuni hadi kwenye mstari wa maji.

Adui wa namna mbili

Chombo kinachokwenda hupata uchafu polepole. Chombo kilichotia nanga na kukaa ndicho kinachoota. Siku chache baada ya kulala bandarini, mbao zake hufunikwa na utelezi mwembamba mfano wa ukoga wa meno, ambao ni makazi ya vijidudu visivyoonekana kwa macho. Juu ya utelezi huo huota mwani. Kisha hufika viumbe wadogo wenye magamba, ambao katika utoto wao huelea wakitafuta kitu kigumu cha kushika, na wakikipata hujigandisha hapo kwa gundi yao wenyewe, wakajijengea nyumba ya chokaa na kutoondoka tena. Katika bahari ya joto kama ya Lamu kazi hii yote huchukua majuma machache. Chombo kilichokuwa chepesi huwa kizito, usukani husita, na tanga lililotosha jana halitoshi leo. Kwa nahodha aliyetegemea kaskazi imsukume na kusi imrudishe, mwendo uliopungua haukuwa jambo la kuudhi tu, kwani aliyechelewa mwisho wa msimu aliweza kulazimika kusubiri miezi mingi ugenini pamoja na mabaharia wake na deni lake.

Adui wa pili haoti juu ya ubao bali huingia ndani. Ingawa watu wengi humwita mdudu au funza, kwa jamaa yake yuko karibu zaidi na chaza. Wataalamu humwita Teredo, na aina yake mashuhuri ilipewa jina la navalis na Linnaeus mwaka 1758. Huingia akiwa mdogo kwa tundu lisilozidi tundu la sindano, na akiisha kuingia hukua na kuchimba kwa kufuata urefu wa ubao. Hivyo ubao huweza kuonekana mzima kwa nje, kumbe ndani umekuwa kama sega la nyuki. Katika miaka ya 1730 kiumbe huyu aliishtua Uholanzi nzima alipozitafuna nguzo za mbao zilizolinda kingo za bahari, hata ikabidi kingo hizo zifunikwe kwa mawe. Mabaharia wa Lamu hawakuwa na njia hiyo, kwani jahazi haliwezi kufunikwa kwa mawe.

Tofauti ya maadui hawa ndiyo inayoeleza mpango wa kazi. Kukwangua humwondoa wa kwanza, lakini hakumgusi wa pili. Moto na kukaushwa juani huweza kumwua wa pili akiwa bado yu karibu na uso wa ubao, lakini mbao tupu zikirudishwa majini humkaribisha mwingine siku ile ile. Kwa hiyo kukwangua, kuchoma, kuziba na kupaka si njia nne za kuchagua. Ni kazi moja yenye hatua nne, na hatua moja ikirukwa zile nyingine huharibika.

Kazi ya bamvua

Pwani ya Lamu haikuwa na gudi la kukaushia meli, wala haikulihitaji, kwa kuwa bahari yenyewe ilifanya kazi ya gudi. Wakati wa bamvua, yaani siku zinazoufuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hupita meta 3. Chombo kilichosogezwa ufuoni maji yalipojaa kilipwelewa maji yalipotoka, kikabaki juu ya mchanga. Kabla hakijalala ubavu kilitiwa gadi pande zote mbili, yaani miti ya kukitegemeza, na mara nyingine kililazwa kwa makusudi upande mmoja ili upande wa pili ufikiwe hadi mkukuni.

Liko jambo katika mpango wa maji ya pwani hii ambalo wageni hawalioni upesi. Siku za bamvua, maji hupwa kabisa kati ya saa nne na saa sita, mchana na usiku. Maana yake ni kwamba nafasi kubwa ya kufanya kazi huangukia katikati ya mchana, jua likiwa kali na mbao zikikauka upesi. Siku za maji mafu, kupwa kwenyewe ni kudogo, wala chombo kikubwa hakipwelewi vya kutosha. Kwa hiyo fundi wa vyombo alihesabu kazi yake kwa mwezi wa angani, na mwenye chombo aliyekosa bamvua moja alingoja nyingine karibu majuma mawili.

Kazi yenyewe ilianza maji yakiwa bado kiunoni. Mabaharia waliingia na vyuma, magamba na vipande vya mbao wakaanza kukwangua kutoka juu, wakishuka pamoja na maji, kwa sababu magamba yaliyo bado na unyevu hubanduka kwa urahisi kuliko yaliyokauka. Mbao zilipokuwa wazi ziliwashiwa moto wa makuti makavu yaliyofungwa kama mienge na kupitishwa chini ya tumbo polepole, ili joto liingie ubaoni bila ubao kuungua. Kazi hiyo ilihitaji mkono wa mzoefu. Baada ya moto, fundi alizipitia nafasi kati ya mbao kwa patasi na nyundo, akiijaza kalafati, yaani pamba au nyuzi zilizolowekwa mafuta. Mwisho ulikuja mpako.

Kwa vyombo vya kushonwa, ambavyo mtepe wa Watikuu ndio mashuhuri zaidi, kazi ilikuwa na uzito wa ziada. Mbao za mtepe ziliunganishwa kwa kamba za kumbi na vijiti vya mbao, bila misumari. Kila kamba iliyopita ubaoni ilikuwa na tundu lake, na kila tundu lilihitaji kuzibwa. Chombo kama hicho hakikuweza kuvalishwa mabati ya shaba, kama jeshi la bahari la Uingereza lilivyofanya kwa mara ya kwanza kwa manowari Alarm mwaka 1761, kwa sababu bati hushikwa kwa misumari, na mtepe hauna pa kuipokea. Mwandishi James Hornell, aliyeeleza mitepe na madau ya Lamu mwaka 1941, aliandika wakati ambapo vyombo hivyo vilikuwa vimekwisha kutoweka au karibu kutoweka. Mtu akitaka kujua kwa nini mtepe ulidumu muda mrefu hivyo, jibu moja ni kwamba uliweza kupandishwa ufuoni popote na kutengenezwa na mabaharia wake wenyewe kwa vitu vilivyopatikana njiani.

Mpako ulikuwa wa namna mbili. Sehemu ya juu ya maji ilipakwa sifa, yaani mafuta ya ini la papa, ambayo hulainisha ubao na kuuzuia kupasuka kwa jua. Sehemu ya chini ilipakwa mchanganyiko wa chokaa na mafuta ya wanyama, shahamu, uliokandwa hadi ukawa kama unga wa mkate, kisha ukasuguliwa ubaoni kwa viganja. Mpako wa kulizuia maji huitwa deheni kwa jumla, ingawa baadhi ya wasemaji hulitumia neno hilo kwa mpako wa chokaa na shahamu peke yake. Mwandishi wa Australia Alan Villiers, aliyesafiri kwa bum la Kuwait lililoitwa Bayan kutoka Aden hadi Unguja na Rufiji katika msimu wa 1938 na 1939, aliikuta desturi hiyo hiyo miongoni mwa mabaharia wa Ghuba.

Mpako huu hufanya kazi kwa njia ambayo kemia imeeleza baadaye. Chokaa ikichanganywa na mafuta ya wanyama hugeuka kuwa namna ya sabuni isiyoyeyuka majini. Sabuni hiyo hufunika ubao kama ngozi ya pili, ikayaziba matundu ambamo Teredo angeingia. Tena ni laini, kwa hiyo magamba yakiota juu yake hayakushika ubao wenyewe bali yameishika ngozi hiyo, nayo hubanduka pamoja nayo katika bamvua inayofuata. Siri ya deheni si kuwaua viumbe wa bahari, bali ni kuwapa mahali pa kushika ambapo baadaye patatupwa. Chokaa yenyewe ilipatikana kwa kuchoma matumbawe, ambayo nayo ni majumba ya viumbe wa bahari.

Majina ya vitu na asili ya vitu

Mtafiti wa lugha akiyapanga maneno ya kazi hii ataona mgawanyo ulio wazi. Vitenzi karibu vyote ni vya Kibantu: kukwangua, kuchoma, kuziba, kupaka, kushona, kupwa, kujaa, kulaza. Kitenzi -pwa ndicho mzizi wa neno pwani, yaani mahali pa kupwa, na pia wa neno pwelewa lililotajwa juu. Makuti, kamba na kumbi ni maneno ya nyumbani. Lakini majina ya vitu vya kupaka na kuzibia mengi yametoka Kiarabu. Deheni lahusiana na duhn, mafuta. Shahamu ni shahm. Kalafati lahusiana na kitenzi cha Kiarabu qalfata, neno ambalo jamaa zake zimeenea katika lugha za Bahari ya Kati, zikiwamo Kigiriki, Kiitalia na Kireno, hata wataalamu wakabishana ni nani aliyemkopesha nani. Sifa ya papa nayo ni neno la mabaharia wa Ghuba na Oman, wala halina uhusiano na sifa ya kusifiwa isipokuwa kwa sauti. Aliyekwisha kunusa ile ya kwanza hawezi kuzichanganya.

Kutokana na mgawanyo huu ingekuwa rahisi kusema kwamba Waarabu walileta ujuzi na wenyeji wakatoa mikono. Hitimisho hilo limetolewa mara nyingi kuhusu mambo ya bahari, na halina msingi wa kutosha. Periplus ya Bahari ya Eritrea, iliyoandikwa katika karne ya kwanza ya enzi ya Kristo, inataja vyombo vya kushonwa katika pwani hii, huko Menouthias na Rhapta. Chombo cha kushonwa hakiwezi kuelea bila kuzibwa, kwa hiyo waliovishona walikuwa na namna fulani ya kuviziba karne nyingi kabla ya maneno ya Kiarabu kuingia katika Kiswahili. Upande wa pili wa bahari ushahidi nao ni wa kale. Abu Zayd wa Siraf, katika karne ya 10, ameandika juu ya mafuta ya nyangumi yaliyopakwa vyombo. Ibn Jubayr, aliyepita Aydhab katika Bahari ya Shamu mwaka 1183, ameeleza vyombo vilivyoshonwa kwa kamba za nazi na kupakwa samli, mafuta ya mbarika au mafuta ya papa, na akayahesabu ya papa kuwa bora. Marco Polo aliviona vya Hormuz mwishoni mwa karne ya 13, vikipakwa mafuta ya samaki, naye hakuviamini hata kidogo. Kinachoonekana hapa ni ujuzi ulioshirikiwa na bahari nzima, si zawadi iliyotoka upande mmoja. Hata Wareno, walipofika na vyombo vyao vya misumari na lami, walishurutishwa na bahari hiyo hiyo. Vasco da Gama alikaa siku 32 katika mto wa Quelimane mapema mwaka 1498, na miongoni mwa kazi zilizofanywa huko ilikuwa kusafisha matumbo ya merikebu zake.

Basi majina ya Kiarabu yanasimulia nini, ikiwa hayasimulii asili ya ujuzi? Neno samli linatoa ufunguo. Neno hili ni la Kiarabu, samn. Lakini samli iliyoliwa na kuuzwa Lamu, Barawa na Merka haikukamuliwa na Waarabu. Ilitoka kwa wafugaji wa bara, Wasomali ambao kwao ni subag, na Waorma ambao nao walikuwa na jina lao. Miji ya pwani ya Benadir katika karne ya 19 ilisafirisha ngozi, pembe na samli zilizoletwa na misafara kutoka ndani, kupitia vituo kama Luuq na Bardera katika Mto Juba. Kitu kilitoka kwa msemaji wa Kisomali au Kiorma, kikanunuliwa na kupimwa ufuoni, na jina lililoshika likawa la ufuoni. Jina lilifuata soko, halikumfuata aliyekitengeneza.

Shahamu iko katika hali ile ile. Deheni ilihitaji mafuta ya mnyama kwa wingi, na kila baada ya miezi michache. Visiwa vya Lamu havikuwa nchi ya mifugo mingi, na misitu ya bara iliyo karibu navyo, kuelekea Boni, ina mbung'o wasumbuao ng'ombe. Nchi ya ng'ombe, ya ngamia wenye nundu na ya kondoo wa Kisomali mwenye kichwa cheusi na matako yaliyojaa mafuta, iko juu zaidi, katika ukame wa Ijara, Garissa, Wajir na nchi ya Juba. Waorma walishuka na ng'ombe zao wakati wa kiangazi kuelekea mtoni na pwani, na ng'ombe walioliwa Lamu walikuwa wa kwao na wa Wasomali. Palipochinjwa mnyama palipatikana ngozi ya kuuza, nyama ya kula, na shahamu. Kwa hiyo hata pasipo daftari la mfanyabiashara lililoandika kila ratili, ni haki kusema kwamba tumbo la jahazi la Lamu lilivaa mafuta ya nchi ambayo baadaye iliitwa Kaskazini Mashariki. Kilichoandikwa katika lugha ni shahm ya Kiarabu, na anayefuata maneno peke yake atakwenda Muscat kutafuta kitu kilichotoka Ijara.

Jambo hili si dogo kwa wanaoandika historia kwa kutumia asili za maneno. Msamiati uliokopwa huonyesha mahali ambapo bei ilikubaliwa. Hauwezi, peke yake, kuonyesha mahali ambapo kitu kilizaliwa.

Mtoni

Upande wa pili wa hoja unaonekana mtu akipanda Mto Tana. Mto huu, ambao ni mrefu kuliko yote ya Kenya, unatoka katika milima ya Aberdare na Kenya, unapita Garissa na kumwaga maji yake katika ghuba ya Ungwana karibu na Kipini. Wapokomo wa kingo zake wamekuwa wajuzi wa mitumbwi kwa karne nyingi. Lakini mtumbwi wa Mpokomo haukupakwa deheni, wala haukuchomwa kwa makuti kila bamvua, kwa sababu adui wote wawili waliotajwa huishi katika chumvi. Maadui wa mtumbwi wa mtoni ni jua lipasualo gogo, kuoza, magogo yaliyozama, viboko. Kwa hiyo msamiati wa deheni, sifa na gadi hukoma pale chumvi inapokoma. Mipaka michache ya lugha inaweza kuchorwa kwa uhakika namna hiyo.

Mabaharia wa kila pwani wamejua kwamba maji matamu ni dawa. Chombo kikiingia mtoni kikalala humo siku kadhaa, viumbe wenye magamba hufa, wakaachia au wakabaki magamba matupu, na Teredo naye hudhoofika au kufa. Hata hivyo wako jamaa zake wanaovumilia maji ya mchanganyiko, ndiyo sababu mdomo wa mto haukuwa salama kama sehemu za juu yake. Majahazi yaliyoingia Ozi kuchukua mpunga na mazao mengine ya Tana yalipata faida hii bila kulipa. Katika karne ya 19 mfereji wa Belezoni ulichimbwa kuunganisha Tana na Ozi ili vyombo visilazimike kupita baharini. Mto baadaye ukaufuata mfereji huo, ukabadili njia yake hadi Kipini. Kazi iliyokusudiwa mitumbwi ikahamisha mdomo wa mto mzima.

Wazungu walipotaka kuifungua nchi hii kwa meli za moshi walikutana na mambo haya kwa sura nyingine. Karl Klaus von der Decken aliingia Juba mwaka 1865 na meli ya chuma iliyoitwa Welf. Chombo chake kidogo zaidi kilipotea mdomoni mwa mto, na Welf yenyewe ikavunjika juu ya Bardera, ambako von der Decken aliuawa mwaka huo huo. Mwaka 1891 kampuni ya Imperial British East Africa ilimtuma Dundas, afisa wa jeshi la bahari, na meli Kenia yenye gurudumu la nyuma, akapanda Tana kupita nchi ya Korokoro, mahali ambapo mji wa Garissa ulikuja kusimama. Mwaka uliofuata aliipeleka meli hiyo hiyo Juba hadi karibu na Bardera. Mtoni meli ya chuma haikuota magamba. Ilichoogopa ni fungo za mchanga na kupungua kwa maji, na hizo ndizo zilizoimaliza ndoto ya kufanya Tana kuwa barabara kuu ya kuingilia bara. Yafaa kukumbukwa kwamba chuma hakikuwa ushindi juu ya bahari. Tumbo la chuma huota upesi kama la mbao, na halivalishwi shaba, kwa sababu shaba ikigusana na chuma katika maji ya chumvi hukifanya chuma kiliwe na kutu. Ndiyo maana karne ya 19 ilishughulika sana na kutafuta rangi zenye sumu, nyingi za shaba, za kupaka meli za chuma.

Mpaka

Uhusiano wa bara na ufuo haukufa wenyewe, bali ulikatwa. Sheria ya mwaka 1902 juu ya wilaya za mbali iliwapa watawala uwezo wa kuyafunga maeneo, na hatimaye nchi yote ya kaskazini ikawa Northern Frontier District, ambayo haikuingiwa wala kutokwa bila ruhusa. Karantini za mifugo ziliwazuia wafugaji kuuza kusini. Mwaka 1925 Jubaland ilitolewa kwa Italia, na pamoja nayo Kismayu, iliyokuwa bandari ya asili ya wafugaji wa upande ule. Sheria ya mwaka 1934 iliongeza ukali. Katika muda wa kizazi kimoja Garissa, iliyo katika mto uendao baharini, ikawa mji usio na bahari.

Pigo la pili lilipiga ufuo wenyewe. Wakati wa vita vya shifta, baada ya uhuru wa mwaka 1963, vijiji vya Watikuu vya bara kaskazini ya Lamu, Ishakani, Rubu, Mwambore na vinginevyo, vilihamwa, na watu wake wakakimbilia visiwani, Malindi na Mombasa. Hawa ndio watu waliokuwa wakikaa katikati hasa, kati ya msitu wa Boni na mawimbi, wakijuana na Wasomali upande mmoja na manahodha upande wa pili. Mtu akihama na familia yake huenda akaichukua mashua, lakini haichukui fungo ya mchanga aliyoijua inavyopokea chombo siku ya bamvua, wala hamchukui mwuza shahamu. Baadhi ya vijiji vilirudiwa baadaye. A.H.J. Prins, aliyechapisha Sailing from Lamu mwaka 1965, aliyakusanya mengi ya utamaduni wa vyombo vya Lamu katika saa ya mwisho ambapo utamaduni huo ulikuwa bado una watu wake wote.

Kamusi hazikuweza kuziba pengo hilo. Johnson, katika kamusi yake ya mwaka 1939, analo neno deheni na analo neno sifa kwa maana ya mafuta ya papa, lakini kazi ya kamusi ni kutaja kitu, si kusema kilitoka wapi. Katika miaka ambapo istilahi za elimu ya bahari zilikuwa zikitafutwa kwa bidii, maneno kama pwelewa, gadi na deheni yaliachwa yakae na mafundi, na mahali pake pakaanza kutumiwa maelezo marefu yaliyotungwa mezani.

Huko Matondoni, katika kisiwa cha Lamu, majahazi bado hujengwa na kupandishwa mchangani kwa kufuata maji. Rangi ya shaba ya madukani imechukua sehemu kubwa ya nafasi ya shahamu. Rangi hiyo nayo ina historia yake, kwani ile yenye sumu ya bati iliyotumika duniani tangu miaka ya 1960 iliharibu chaza wa Ufaransa kiasi cha kupigwa marufuku huko kwa vyombo vidogo mwaka 1982, na mkataba wa kimataifa uliopitishwa mwaka 2001 ukaanza kuizuia kwa meli zote mwaka 2008. Deheni haikuwahi kumtia sumu mtu yeyote, ingawa ilimchosha kila aliyeipaka.

Tangu Mei 2021 gati la kwanza la bandari mpya ya Lamu limekuwa likipokea meli katika ghuba ya Manda, na barabara ya kutoka hapo imepangwa kupita Ijara hadi Garissa. Njia iliyofungwa kwa sheria katika karne iliyopita imerudishwa katika ramani kwa lami na saruji. Wakati huo huo mto unabadilika. Mabwawa yaliyojengwa juu ya Tana, kutoka Kindaruma mwaka 1968 hadi Masinga mwaka 1981 na Kiambere mwaka 1988, yamepunguza mafuriko yaliyokuwa yakiisukuma bahari nje, na wakulima wa mpunga wa Ozi na Kipini wamelalamika kwamba chumvi inapanda hadi mashambani mwao. Chumvi ikipanda, magamba na Teredo hupanda nayo, na chombo kinacholala Ozi wakati wa kiangazi hakiko tena katika maji matamu.